Damu chini ya leza ya kijani: shajara ya mradi, siku ya 1 hadi ya 40

Siku ya 1, Jumamosi

Mradi huu umeanzia kwenye jicho la mama. Ana kisukari, mwaka wa 14 sasa. Wiki iliyopita aliamka akaniambia kuna kitu kama masizi kinaelea mbele ya jicho la kushoto, na kufika adhuhuri jicho lote lilikuwa ukungu mwekundu. Kliniki ya macho walimpima kwa altrasaundi wakasema mshipa mdogo umepasuka na damu imemwagika kwenye ule ute unaojaza jicho, mbele ya retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Retina yenyewe haijabanduka, alhamdulillahi. Tiba ya mishipa mibovu ya namna hiyo ni leza, lakini daktari alimwambia: "Mama, kwa sasa leza yangu haitapita hapo, damu itaizuia. Tusubiri itulie." Akamwelekeza alale ameinua kichwa, mito miwili au mitatu, ili damu ishuke chini.

Njiani kurudi nyumbani mama akaniuliza: "Mwanangu, damu inazuiaje mwanga? Mbona umeme ukikatika nikiweka tochi nyuma ya vidole naona wekundu unapita?"

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya fizikia chuoni, na sikuwa na jibu la kuridhisha. Nilimwambia nitalitafuta. Leo nimemwomba mkuu wa maabara meza ya pembeni, na amekubali kwa masharti mawili: damu isiwe ya binadamu, na leza isiwashwe nje ya kasha lililofungwa.

Siku ya 2, Jumapili

Hesabu kwanza. Damu ni nyekundu kwa sababu hemoglobini, protini yake inayobeba oksijeni, inafyonza kijani na bluu na kuuacha wekundu. Hilo nilijua. Nilichokuwa sijawahi kukiweka kwenye namba ni ukubwa wa tofauti.

Damu ya mtu mzima ina hemoglobini ya gramu 15 hivi katika kila mililita 100. Kwa leza ya kijani ya nanomita 532 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaotambulisha rangi yake), ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye kliniki za macho, mwanga hupungua hadi kama theluthi baada ya kupita milimita 0.04 tu za damu. Hapo hata unene wa unywele haujafika. Kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, damu ikiwa imejaa oksijeni, upungufu kama huo unahitaji milimita 5 hivi. Ni tofauti ya mara zaidi ya 100, kwenye damu ile ile, kwenye jicho lile lile.

Kwa hiyo mama alikuwa sahihi kuhusu tochi. Kinachopita kidoleni ni sehemu nyekundu ya mwanga wa tochi, na hata kile kifaa cha kubana kidole hospitalini hupima oksijeni kwa kutumia wekundu na infraredi, mwanga usioonekana kwa macho ulio ng'ambo ya wekundu, kwa sababu hiyo. Kijani hakifiki popote. Kinageuka joto papo hapo kwenye ngozi ya juu ya tone la damu.

Swali langu linalofuata ndilo mradi wenyewe: joto hilo likishaingia, damu inakuwaje?

Siku ya 4, Jumanne

Kariakoo. Nimenunua moduli ya leza ya kijani iliyoandikwa miliwati 200, na nyingine nyekundu ndogo ya 650, miliwati 5. Miwani ya kinga ya nanomita 532 nimeazima stoo ya chuo.

Niandike hili wazi kwa yeyote atakayetaka kurudia kazi hii. Leza ya miliwati 200 ni ya daraja la 3B. Mwali wake ukiingia jichoni, hata uliorudi kutoka kwenye kioo, unaunguza retina kabla kope haijawahi kufumba. Nimejenga kasha la plaiwudi lililopakwa rangi nyeusi ndani, na mlango wake una swichi: ukifunguka, umeme wa leza unakatika. Nimeliona jicho moja likiharibika nyumbani kwetu na sitaki la pili.

Siku ya 8, Jumamosi

Machinjioni Vingunguti, saa 11 alfajiri. Nilimweleza mchinjaji shida yangu, akacheka kidogo akasema, "Mdogo wangu, wengine wanakuja kutafuta maini, wewe damu?" Kisha akanisaidia kwa moyo mmoja. Nimekinga damu ya mbuzi mmoja tu, aliyekwisha kukaguliwa na daktari wa mifugo. Ukaguzi huo si wa kupuuza. Kimeta, homa ya Bonde la Ufa na ugonjwa wa kutupa mimba vyote vinaweza kumfikia mtu kupitia damu ya mnyama. Glavu jozi mbili, koti, na kila kinachomwagika kinafunikwa kwa jiki.

Chupa nilizitia sodiamu sitreti ya asilimia 3.8, sehemu moja kwa sehemu tisa za damu. Sitreti inaishika kalsiamu, na bila kalsiamu damu haiwezi kuganda. Hili litakuja kuwa na maana kubwa mbele.

Mbuzi ana chembe nyekundu ndogo kuliko wanyama wengine wa kufugwa, kipenyo chake kama maikromita 3, za mtu ni 7 hivi. Hemoglobini yake pia ni kidogo kuliko yetu, gramu 10 hivi kwa mililita 100. Kwa hiyo namba zangu zote za Jumapili nimezirekebisha: kijani kitaingia milimita 0.06 badala ya 0.04.

Siku ya 9, Jumapili

Leo hakuna leza. Nilitaka kwanza kujua damu inavyoonekana kwenye kila kiwango cha joto, ili baadaye rangi yenyewe iwe kipimajoto changu. Vijichupa vidogo kwenye beseni la maji moto, dakika 10 kila kimoja, kisha hadubini na sentrifuji.

Kwenye nyuzi 42 sikuona mabadiliko. Ndiyo maana mashine za kupasha damu ya kuongezewa mgonjwa hazivuki kiwango hicho.

Kwenye nyuzi 50 kwa macho bado ni damu ya kawaida, ila chini ya hadubini ni msiba. Chembe zimeota vichipukizi, nyingine zimemegeka vipande vya duara. Nilipozizungusha, maji ya juu ambayo yangepaswa kuwa ya manjano yalitoka mekundu: hemoglobini imevuja. Kwa damu ya binadamu inajulikana kwamba spektrini, protini inayoshikilia umbo la chembe, inalegea karibu na nyuzi 49 hadi 50, na kwa watu walioungua vibaya vipande hivyo huonekana kwenye damu yao. Kwa mbuzi nimekuta karibu pale pale.

Kwenye 60 imeanza kuwa nzito kama uji mwepesi. Kwenye 65 wekundu umefifia. Kwenye 70 ni kahawia, na kwenye 80 ni tope la rangi ya chokoleti ambalo haliwezi kumiminika.

Nilikaa nikiitazama ile ya 80 kwa muda mrefu. Sitreti imo ndani. Damu hii haiwezi kuganda, na bado imekuwa kitu kigumu. Katika Kiswahili tunasema "damu imeganda" kwa yote mawili, ila haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Kidonda kikijifunga, chembe sahani na nyuzi za faibrini zinafanya kazi, na kalsiamu inahitajika. Hapa hakuna lolote kati ya hayo. Protini zimeiva, kama ute wa yai, na kama nyama inavyoacha wekundu kikaangoni. Nitatumia "kuiva" kwenye shajara hii kuanzia sasa. Daktari anapoziba mshipa kwa joto la leza, anauivisha, na ndiyo maana njia hiyo inaweza kufanya kazi hata kwa mgonjwa anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda.

Siku ya 11, Jumanne

Siku ya vipimajoto, na vyote viwili vimenidanganya.

Waya wa kupimia joto niliuzamisha ndani ya damu, nikawasha kijani. Namba iliruka hadi 90 ndani ya sekunde chache na damu iliyouzunguka ikabaki nyekundu. Haiwezekani. Waya wenyewe ulikuwa kwenye njia ya mwali, ukapigwa na mwanga moja kwa moja. Nimeusogeza pembeni milimita 2, lakini huko unapima pembeni, haupimi doa.

Kisha nikajaribu kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, tulichobaki nacho tangu wakati wa korona. Kinasoma hadi nyuzi 43 tu, na tena kinasoma uso wa kioo, kwa sababu mionzi ya joto kinayoitegemea haipenyi kioo cha slaidi. Nimekirudisha kabatini. Chati ya rangi ya Jumapili itabaki kuwa ndiyo rejea yangu.

Siku ya 15, Jumamosi

Jaribio la kwanza kamili. Tone la damu kati ya slaidi mbili, tabaka la milimita 0.15, doa la kijani la kipenyo cha milimita 1.

Hesabu inasema hivi. Tabaka hilo litafyonza asilimia 90 ya kijani. Kama joto lote lingebaki ndani ya doa, lingepanda kwa nyuzi kama 400 kila sekunde, jambo la kutisha. Lakini tabaka ni jembamba, na joto linalifikia kioo kwa muda usiofika sehemu mbili za kumi za sekunde. Baada ya hapo kioo ndicho kinachoamua. Makadirio yangu ni kwamba doa litatulia nyuzi 50 hadi 60 juu ya joto la chumba, yaani zaidi ya 80, kwa hiyo linapaswa kuwa kahawia ndani ya sekunde chache.

Halikuwa. Sekunde 10, nyekundu. Sekunde 30, nyekundu. Baada ya dakika nzima kilitokea kivuli hafifu katikati, kama damu ya nyuzi 60 au 65 hivi kwenye chati. Nimerudia mara sita na slaidi mpya kila mara. Nimepima tabaka upya, nimepima doa upya. Kuna nishati inapotea na sijui inaenda wapi.

Siku ya 17, Jumatatu

Kliniki na mama. Damu imeanza kushuka. Anasema giza lote sasa liko juu na chini anaona sakafu na viatu vyake. Daktari alifurahi kusikia hivyo: picha kwenye retina imepinduka, kwa hiyo giza la juu maana yake damu imetuama chini ya jicho. Ila bado hajaridhika. Amesema asubiri tena wiki tatu na kidogo.

Nilimwuliza kwa heshima kama leza nyekundu ingepita. Akaniangalia kwa makini, akasema, "Kumbe umeshafika huko." Akaeleza kwamba wataalamu wa macho waliwahi kutumia leza ya kriptoni ya nanomita 647 kwa ajili ya wagonjwa kama mama, kwa sababu wekundu wake hupita penye damu kijani kikakwama, na kwamba leza za daiodi za 810 nazo hufanya hivyo. Kazi kubwa kwenye retina hufanywa na melanini, ile rangi nyeusi ya mwili, ya tabaka la nyuma yake, na melanini inafyonza rangi zote hizo. Mashine iliyopo kliniki hiyo ni ya kijani.

Nilitoka pale nikiwa na jibu kamili la swali la mama la njiani. Lakini sasa nina swali langu mwenyewe la miliwati zilizopotea, na siwezi kuliacha.

Siku ya 22, Jumamosi

Nimeipata.

Nilitengeneza kipimio cha nguvu ya leza kwa vitu vya nyumbani. Kipande cha alumini kilichopakwa masizi ya koroboi upande mmoja, na upande wa nyuma rezista na waya wa joto vimegandishwa. Unapiga leza kwenye masizi, unaandika joto linapotulia. Kisha unazima leza, unapitisha umeme kwenye rezista hadi joto litulie pale pale. Umeme unaoupima kwa mita ndio nguvu ya leza. Masizi hayachagui rangi, yanameza kila kitu.

Jibu: miliwati 205. Muuzaji hakunidanganya kuhusu jumla. Nilikaa chini nikawaza upya, leza ya kijani ya aina hii inatengenezwaje? Ndani yake hakuna daiodi ya kijani. Kuna daiodi ya infraredi ya 808, inayosukuma fuwele moja itoe infraredi ya 1064, na fuwele ya pili inaukata urefu huo wa wimbi nusu kuwa 532. Kiwandani huwekwa kichujio mbele cha kuzuia mabaki ya infraredi. Katika moduli rahisi kichujio hicho hakiwekwi.

Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, walionya juu ya hatari hii hii, na wakaonyesha namna ya kuigundua nyumbani kwa diski ya CD na kamera. Nimefanya hivyo. Mwali ulipopiga CD ndani ya kasha, kwa macho niliona nukta za kijani tu, lakini kamera ya mbele ya simu ilionyesha nukta nyingine za zambarau hafifu pembeni, mahali ambapo jicho halioni kitu. Huyo ndiye mwizi. Na miwani yangu ya 532 isingenikinga naye. Kasha la plaiwudi ndilo lililonikinga siku zote hizi.

Nilikwenda kwa fundi simu nikamwomba kamera ya kompyuta iliyokufa. Ndani yake kuna kioo kidogo chenye rangi ya samawati kinachozuia infraredi. Nimekigandisha mbele ya leza. Kipimio kinasoma miliwati 125.

Miliwati 80 zilikuwa infraredi, na infraredi hiyo inapita tabaka langu jembamba la damu karibu yote bila kuacha joto. Kwa miliwati 125 za kijani hesabu inatoa nyuzi 60 na kitu, ambayo ndiyo ile rangi niliyoiona. Hesabu na damu zilikuwa zinasema jambo moja tangu mwanzo. Namba niliyoianzia ndiyo haikuwa sawa.

Siku ya 23, Jumapili

Lenzi, doa la nusu milimita. Nilidhani kupunguza kipenyo nusu kutazidisha joto mara nne, maana eneo limepungua mara nne. Haikuwa hivyo, na nilipokaa na kalamu nikaona sababu: doa dogo linapoza haraka zaidi, joto linatawanyika ndani ya kioo pande zote. Likishatulia, kupanda kwake kunaongezeka mara mbili tu.

Mara mbili zilitosha. Sekunde ya pili doa likawa la maziwa, ya tatu kahawia, kisha nikasikia "tik" ndogo. Katikati ya doa kulikuwa na tundu wazi na damu imesukumwa pembeni kama petali. Maji ya damu yamechemka. Povu la mvuke limezaliwa na kufa ndani ya nafasi isiyofika upana wa punje ya ulezi.

Kwenye tiba ya mishipa iliyovimba miguuni, ambapo waya wa leza hupitishwa ndani ya mshipa, mapovu kama haya ya damu inayochemka yanajulikana kuwa sehemu ya namna joto linavyofika kwenye ukuta wa mshipa. Na rafiki yangu wa maabara ya hospitali alinikumbusha kitu kizuri zaidi. Vimelea vya malaria vinakula hemoglobini na kuacha fuwele nyeusi za hemozoini. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba pigo fupi sana la leza linazipasha fuwele hizo hadi zinatoa vipovu vidogo mno, na sauti ya vipovu hivyo inaweza kusikika kupitia ngozi bila kuchoma sindano. Nimewahi kuwabeba watoto wa dada yangu usiku kwenda kupimwa malaria. Naisoma kazi hiyo kwa matumaini makubwa.

Siku ya 26, Jumatano

Siku imeharibika. Nimetumia damu ya siku 18 kwenye friji na matokeo hayafanani na ya Jumapili. Sababu inaonekana kwa macho: damu imekuwa ya kahawia kabla hata sijaigusa. Hemoglobini ikikaa, chuma chake kinapoteza elektroni moja na inakuwa methemoglobini, isiyobeba oksijeni. Kuanzia leo hakuna damu inayozidi siku tatu.

Pia nimegundua sampuli iliyofungwa muda mrefu inaishiwa oksijeni, na damu isiyo na oksijeni inafyonza mwanga wa 650 mara kama 10 zaidi ya yenye oksijeni. Kwa kijani cha 532 hakuna tofauti kubwa. Lakini kwa jaribio linalokuja, la mwanga mwekundu, kusahau kutikisa chupa kungenipa matokeo ya uongo.

Siku ya 30, Jumapili

Hili ndilo jaribio nililolitaka tangu nilipoona rangi ya kahawia kwenye beseni.

Damu mpya ya jana. Niliigandisha kwenye friza kisha nikaiyeyusha mara mbili, chembe zote zikapasuka. Nimefanya hivyo kwa sababu chembe nzima hutawanya mwanga kila upande, na nilitaka kuona ufyonzaji peke yake. Nikaizungusha, nikachukua maji mekundu ya juu, nikayatikisa na hewa, nikayaweka kati ya slaidi. Kijani kinapasha, na ule mwali mwekundu dhaifu unapita katikati ya doa lile lile kwenda kwenye fotodaiodi, kihisi cha kupima mwanga, yenye kichujio chekundu. Doa nimelipanua kidogo ili lisichemke.

Kabla ya kijani, wekundu unapita kana kwamba hakuna damu. Nimeuita huo 100. Nikawasha kijani. Sekunde tatu, 97. Sekunde sita, 88. Sekunde 12, 66. Kisha doa likawa zito na usomaji ukaporomoka chini ya 20, ila huko mwisho protini zilizoiva zinatawanya mwanga tena, kwa hiyo siutegemei. Ninaoutegemea ni ule wa kati, damu ikiwa bado angavu lakini wekundu umeanza kuliwa.

Nilizima kijani, nikasubiri ipoe dakika tano. Usomaji haukurudi.

Joto limegeuza sehemu ya hemoglobini kuwa methemoglobini, ambayo ina kilele cha ufyonzaji karibu na nanomita 630, mahali ambapo damu yenye oksijeni haifyonzi karibu chochote. Maana yake, mwanga uliokuwa unapita salama sasa unakamatwa na kuwa joto. Damu iliyopashwa si ile uliyoanza nayo. Namba niliyoiandika kwa fahari siku ya 2, milimita 5 za wekundu, ni kweli kwa damu baridi tu. Anayekokotoa joto la leza kwa kutumia namba moja ya ufyonzaji tangu mwanzo hadi mwisho anakosea kuanzia sekunde za kwanza, na mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo.

Jambo hili lina matumizi. Kwenye 1064 damu baridi inafyonza kidogo, ikipashwa ufyonzaji wake unaongezeka mara kadhaa. Kuna mashine za ngozi zinazopiga kwanza pigo la njano la 595, kisha mara moja la 1064, ili la pili likute damu iliyokwisha kubadilika.

Nilirudia mara nne hadi saa 3 usiku. Mara zote nne mstari umeshuka kwa umbo lile lile.

Siku ya 33, Jumatano

Nimesoma tena msingi wa mambo haya, makala ya Rox Anderson na John Parrish ya mwaka 1983. Wazo lao: chagua rangi inayofyonzwa na lengo lako, kisha piga kwa muda mfupi kuliko lengo linavyohitaji kupoa. Mshipa wa milimita 0.1 unahitaji milisekunde 5 hivi kupoa, wa milimita 0.05 zaidi kidogo ya milisekunde 1. Mimi napasha kwa sekunde nzima nzima. Joto lote linakimbilia kwenye kioo, na ndani ya mwili lingekimbilia kwenye nyama iliyo salama.

Tena muda unabadilisha chati yangu. Nyuzi 60 kwa dakika 10 na nyuzi 60 kwa sekunde si kitu kimoja. Kadiri pigo linavyokuwa fupi ndivyo joto linavyohitajika kuwa kubwa ili damu iive. Kwa hiyo "nyuzi 60 na kitu" za siku ya 22 nazisoma kwa tahadhari.

Na kwa ngozi zetu kuna suala jingine. Melanini iko juu ya mishipa na inafyonza kijani na njano kabla hazijaifikia damu. Mashine iliyopangiwa ngozi nyeupe inaweza kumuunguza mtu mweusi. Ndiyo sababu 1064, inayofyonzwa kidogo na melanini, hupendelewa kwa ngozi nyeusi. Ningependa kila kliniki ya ngozi mjini iwe na mtu anayelielewa hili kabla ya kubonyeza kitufe.

Siku ya 40, Jumatano

Kliniki. Damu ya mama imeshuka vya kutosha. Daktari alimpiga leza ya kijani sehemu za juu na pembeni za retina, mapigo mia kadhaa, na kule chini ambako damu bado imetuama amepaacha hadi mwezi ujao. Mama anasema iliuma kidogo kama mtu anayemdonoa kwa nyuma, na mwanga ulikuwa mkali.

Jioni nilimwonyesha. Nilizima taa, nikaweka mbele yake kijichupa cha damu angavu ya mbuzi kilichofungwa vizuri, nyuma yake tochi ya kawaida. Kiliwaka chekundu kama kaa la moto. Kisha nikafunika tochi kwa karatasi ya plastiki ya kijani. Kijichupa kikawa cheusi.

"Kumbe ni rangi," akasema. Akakichukua akakisogeza karibu na jicho la kushoto, akalifunga la kulia, akajaribu tena, nyekundu, kijani, nyekundu. "Naiona," akasema. "Nimeiona na hili."

Kazi iliyobaki: kutenganisha ile infraredi ya 808 niliyoizuia na kuipiga kwenye doa lililoiva, nipime kama linapata joto ambalo damu baridi ililiacha lipite. Pia kukata mwali wa kijani kwa sahani inayozunguka ili nifike kwenye milisekunde. Mchinjaji ameshaahidi damu ya Jumamosi alfajiri. Chupa tatu zenye sitreti ziko tayari mezani, zimeandikwa 41, 42 na 43.